Ngazi za mlango wa nyuma: ufa unazibwa, ufa unarudi

Ni ngazi za kawaida kabisa, vidato viwili vya matofali ya kuchoma alafu kibaraza kidogo mbele ya mlango, kisha unapanda kizingiti unaingia jikoni. Ziko kwa dada yangu. Mwanzoni zilipendeza sana, ila kila msimu wa mvua ukipita ufa ulikuwa unatokea ubavuni, shemeji anauziba kwa simenti, miezi inapita, ufa unarudi palepale na safari hii umepanuka kidogo. Hakuna aliyeona ni jambo zito mpaka bibi, yaani mama yake shemeji, alipojikwaa pale kizingitini akaanguka akaumia goti. Ndo nikaitwa nikaangalie.

Naieleza yote kwa urefu kwa sababu ngazi fupi za nyumbani watu wanazichukulia poa mno. Ukuta unachimbiwa msingi, tenki la maji linawekewa msingi, lakini ngazi inapandishwa juu ya udongo tu kwa kuwa ni kitu kidogo, na hicho kitu kidogo ndo kila mtu wa nyumba anakikanyaga mara kibao kwa siku akiwa amebeba ndoo au mtoto, usiku au matofali yakiwa yamelowa.

Shemeji alikuwa na jibu tayari. "Shemeji, simenti za siku hizi hazina nguvu." Na kweli mota ya zile ngazi, yaani ule mchanganyiko wa simenti na mchanga unaoshikisha matofali, haikuwa nzuri, ukikwaruza jointi, ile mota iliyo kati ya tofali na tofali, kwa msumari inatoka unga. Lakini mota mbaya inamung'unyuka kila mahali, haichagui. Huu ufa ulichagua sehemu. Ulikuwa ubavuni, kama nusu ya njia kutoka mwanzo wa ngazi hadi ukuta wa nyumba, haukati matofali bali unafuata jointi, unalala tofali moja unapanda kozi moja (mstari mmoja wa matofali), unalala tena unapanda tena mpaka juu ya kibaraza. Na kule juu ncha ya kidole cha mwisho inaingia, ila chini ulikuwa mwembamba kiasi kwamba hata kucha haipiti. Ufa wa namna hiyo, mpana juu mwembamba chini, unakuambia upande mmoja umeshuka na kuvuta mwenzake. Hapo tatizo siyo simenti tena, ni kilichopo chini.

Upande gani umeshuka? Hapa ndo wengi wanakosea, wanadhani ngazi inaanguka kwenda mbele, kwenda nje. Hizi zilikuwa zinaanguka kwa nyuma, kuelekea nyumba. Ushahidi ulikuwa ukutani kabisa: juu kidogo ya kibaraza, pale kinapogusana na ukuta, kulikuwa na mstari wa mota ya zamani iliyoganda ukutani, na kibaraza chenyewe kilikuwa sm 2 chini yake. Yaani ukuta ulikuwa umetunza alama ya mahali kibaraza kilipokuwa siku kilipojengwa. Nikaweka pimamaji, kiputo kikakimbilia upande wa nje, maana yake upande wa nje ndo uko juu. Dada akamwaga kikombe cha maji katikati ya kibaraza, maji yakaenda moja kwa moja mlangoni yakatulia pale kwenye kona ya ukuta. Ndo ukaeleweka pia ule unyevu wa jikoni na rangi inayobanduka chini ya dirisha, kitu ambacho wao walikuwa wanakihesabu kama shida nyingine kabisa.

Kwa nini upande wa nyumba ndo ushuke? Msingi wa nyumba unapochimbwa, mtaro unakuwa mpana kuliko ukuta, wajenzi wanajenga alafu wanarudishia udongo pembeni. Ule udongo uliorudishiwa mara nyingi haushindiliwi, unasukumwa tu ndani pamoja na mabaki ya ujenzi. Nje kidogo, sm 60 au 70 kutoka ukutani, udongo haujawahi kuguswa, ni mgumu. Sasa ukija kujenga ngazi hapo, nusu yake inakaa kwenye udongo mgumu na nusu inakaa kwenye udongo wa kurudishia. Mvua zikinyesha maji yanaingia kwenye ule uliolegea, unajikusanya, unashuka, na ngazi inainama kufuata. Kila ukiziba ufa unaziba matokeo ya mvua zilizopita, mvua zinazokuja zina kazi yao.

Tupime vimo sasa, maana bibi hakuangushwa na ufa.

Nilipima kila kimo, yaani kutoka unapokanyaga mpaka unapokanyaga panapofuata. Kutoka kwenye njia hadi kidato cha kwanza sm 11. Cha pili sm 14.5. Kibaraza sm 14.5. Kutoka kibarazani hadi kizingiti, sm 21. Angalia mgawanyo: kimo cha mwisho kinakaribia mara mbili ya cha kwanza. Mguu wa binadamu ukishapanda hatua mbili unakuwa umeshajifunza kimo, macho yanaacha kuangalia, mtu anaangalia mlango. Ukimpa hatua ya tatu sawa na ya pili alafu ya nne ikaruka kwa sm 6 na nusu, ncha ya kiatu inagonga. Kijana atajishika, mtu mzima mwenye magoti mabovu hawezi. Tofauti ya hata sm 1 kati ya kidato na kidato mguu unaihisi, sasa hiyo.

Na fundi aliyejenga hakukosea hesabu, hilo niliseme wazi kwa kuwa alilaumiwa sana. Alijenga vimo vinne vya sm 15 kila kimoja, safi kabisa. Kilichotokea ni kwamba baadaye njia ya nje ikatandikwa vitofali vya saruji vikainua ardhi kwa sm 4, kimo cha kwanza kikapungua kikabaki 11. Alafu ndani jikoni wakapiga sakafu upya na vigae, kizingiti kikapanda sm 4, kimo cha mwisho kikawa 19. Ongeza na zile sm 2 za kibaraza kushuka, unapata 21. Kwa hiyo pima kuanzia sakafu iliyokamilika mpaka sakafu iliyokamilika. Kama sakafu bado haijapigwa, uliza itanenepa kiasi gani ndo ugawanye, au subiri.

Kitu kingine nilichokuta ni upana wa kukanyagia, ulikuwa urefu wa tofali moja tu, sm 22 na nusu hivi pamoja na jointi. Kuna hesabu ya zamani ambayo mafundi wa ngazi wanaitumia: chukua kimo mara mbili, jumlisha na upana wa kukanyagia, jibu liwe kati ya sm 60 na 64, ndo hatua ya kawaida ya mtu mzima. Kimo cha 15 mara mbili ni 30, jumlisha 22.5 unapata 52.5. Hapo kisigino kinaning'inia nje ukishuka, lazima ushuke ubavu ubavu. Na kweli nilimuuliza bibi anashukaje, akasema "mimi mwanangu nashuka nimegeuka upande, nashika ukuta." Alikuwa ameshazoea, hata hakuona kama ni kasoro.

Tukakubaliana kubomoa. Shemeji alitaka tubaki na vidato vya mbele tubomoe kibaraza tu, nikakataa, kwa sababu ukijenga kipya juu ya msingi mpya alafu ukakiunganisha na cha zamani kilichokaa juu ya udongo, unatengeneza ufa mwingine kwa mkono wako mwenyewe.

Ndani ya zile ngazi kulikuwa na kifusi. Kuta za pembeni za tofali moja zilijengwa kama boksi, katikati wakajaza vipande vya matofali, udongo, karatasi za mifuko ya simenti, hata ubao uliooza, juu wakaweka kozi moja ya matofali basi. Ndo maana ukigonga kibaraza kwa mpini wa nyundo kilikuwa kinalia pango. Chini ya boksi kulikuwa na zege jembamba la sm 5 upande wa nje, na upande wa ukutani hakuna zege kabisa, ni udongo, unaingiza koleo bila kutumia nguvu.

Zile ziba za shemeji nazo zilitoka kama zilivyo, bamba zima zima, kwa sababu alitumia simenti nyingi mchanga kidogo juu ya mota dhaifu iliyokauka. Mchanganyiko mkali sana ukikauka unajivuta na kujibandua, na kama ni mgumu kuliko tofali, tofali ndo linapasuka badala ya jointi. Watu wanaamini simenti ikiwa nyingi zaidi ndo imara zaidi. Kwenye mota ya matofali siyo hivyo.

Tukachimba. Upande wa nje tulifika udongo mgumu haraka. Upande wa ukuta tuliondoa ule uliolegea kwa uangalifu, na hapa tafadhali sana: usichimbe kupita chini ya kiwango cha msingi wa nyumba, na usiache shimo wazi pembeni ya msingi mvua zinyeshe. Ukikuta msingi uko juu juu kuliko ulivyotegemea, simama muite mtu anayejua. Sisi tulitoa takataka zote, tukarudishia mawe na kokoto kwa tabaka za sm 10 hadi 15, kila tabaka tunalishindilia kwa kishindilio cha mkono mpaka kinaruka badala ya kuzama, ndo tunaweka lingine. Hii kazi inachosha na haionekani kwa mtu akija kutazama, na ndo sehemu inayoamua ngazi itakaa au haitakaa.

Juu yake tukamwaga zege la sm 15, ndoo 1 ya simenti, 2 za mchanga, 4 za kokoto, likiwa na wavu wa nondo za mm 10 zilizopishana kila sm 20. Nondo tuliziinua kwa vijiwe vya zege ili zisilale kwenye udongo, nondo iliyolala chini inashika kutu tu haifanyi kazi. Hilo zege ni kipande kimoja chini ya ngazi zote, likishuka linashuka lote pamoja. Na halikuunganishwa na nyumba. Tuliacha nafasi ya sm 1 kati ya ngazi na ukuta kuanzia chini hadi juu, tukaweka kipande cha povu cha kutenganisha.

Kwenye hiyo nafasi tulibishana. Shemeji alisema ngazi lazima ishikane na ukuta ndo iwe imara, tuchomeke matofali ukutani kama mwanzo. Nikamwonyesha matofali ya zamani yaliyochomekwa, yote matatu yalikuwa yamekatika shingo. Nyumba ina msingi wake na ngazi ina wake, zinashuka na kutanuka kwa viwango tofauti, ukizifunga pamoja kwa matofali matatu kitakachotokea ni kukatika. Aidha ngazi ikae juu ya msingi uleule wa nyumba tangu siku ya kwanza, au ijitegemee kabisa. Na hiyo nafasi inasaidia kitu cha pili: ukuta wa nyumba una tabaka la kuzuia unyevu karibu na usawa wa sakafu, ukijenga kibaraza kikagusana na ukuta juu ya hilo tabaka, maji yanapita kwenye matofali ya kibaraza yanaruka kizuizi yanaingia ndani. Jikoni kwa dada ndo ilivyokuwa.

Hesabu ya vimo tuliifanya kwenye karatasi kabla ya kugusa tofali. Kutoka njia hadi kizingiti ni sm 60 kamili pale mbele ya mlango. Kila sehemu ya kukanyagia lazima iwe na mteremko kidogo kwenda nje ili maji yasitulie, tukaweka nusu sm kwa kila kidato na sm 1.5 kwa kibaraza chenye kina cha sm 90. Jumla ya miteremko ni sm 2.5. Toa kwenye 60 zinabaki 57.5, gawanya kwa vimo 4, kila kimoja ni karibu sm 14.4. Hapo usichanganye: vimo ni vinne lakini sehemu za kukanyagia ni tatu, kwa sababu hatua ya mwisho unakanyaga sakafu ya nyumba. Tofali letu lilikuwa na unene wa mm 65, kozi mbili ni mm 130, zinabaki mm 14 za jointi mbili, yaani jointi ya mm 7. Inafanya kazi vizuri. Upana wa kukanyagia tukaupeleka tofali moja na nusu, karibu sm 33, na ile hesabu ikatoa 28.8 jumlisha 33, karibu 62.

Kibaraza tulikipanua hadi sm 90 kwa sababu ule mlango unafunguka kwa nje. Zamani ukiwa umesimama na ndoo ilibidi urudi nyuma kidato kimoja ndo uvute mlango, hebu fikiria mtu mzima anarudi nyuma kwenye ngazi akiwa na mzigo.

Skwea, yaani kona ya nyuzi 90, tuliipata kwa kamba: pima sm 60 kwenye ukuta, sm 80 kwenda nje, umbali wa ncha kwa ncha uwe sm 100, ukiwa huo basi kona iko sawa. Tukapanga matofali makavu kwanza bila mota, kozi nzima, kuona vipande vinaangukia wapi. Hatua hiyo inaokoa matofali mengi na inakuzuia kuishia na kakipande ka vidole viwili kwenye ncha ya kidato, mahali ambapo ndo panapigwa na miguu.

Matofali mazuri ya zamani tuliyatumia ila siyo juu. Tulichagua kwa kuyagonganisha mawili mawili, linalolia kwa sauti kali ya chuma ni zuri, linalotoa sauti nzito iliyofifia halikuiva vizuri au lina ufa ndani. Kucha ikiacha mchubuko mkubwa, weka kando. Ya juu yote yalikuwa mapya. Na tuliyalowanisha kabla, siyo kwa kuyaacha yanachuruzika, yalowe alafu uso ukauke, kwa sababu tofali kavu linanyonya maji ya mota kwa haraka na simenti inakosa maji ya kuishikia. Zile jointi zilizotoka unga kwa msumari, nina hakika tofali kavu lilichangia, maana migongo ya matofali yaliyobomolewa ilikuwa safi kabisa, mota haikuwahi kushika.

Mchanga nao tuliupima kwa chupa. Weka mchanga, maji, chumvi kidogo, tikisa, acha saa 3 utulie. Tope linakaa juu ya mchanga kama tabaka, likizidi takriban asilimia 8 ya mchanga, huo mchanga uoshe au utafute mwingine. Mota tulichanganya simenti 1 kwa mchanga 4, tukawa tunachanganya kidogo kidogo kiasi cha kuisha ndani ya saa moja na nusu hivi, na ikianza kukaza hatuongezi maji kuilainisha, inatupwa. Shemeji ilimuuma kutupa, ila alikubali. Vaa glavu, simenti mbichi inaunguza ngozi na hausikii mpaka jioni, na ukikata tofali kwa mashine lilowanishe na uvae barakoa, lile vumbi siyo la mchezo kwenye mapafu.

Katikati hatukujaza kifusi, tulijaza zege jepesi na vipande safi vya matofali, kidogo kidogo kila baada ya kozi mbili, likishindiliwa lisiache pango. Kozi ya juu ya kila kidato tuliyalaza matofali kichwa kikitazama mbele, ili ncha ya kidato ishikwe na urefu wa tofali zima na siyo kipande kinachoweza kung'oka. Kila kozi pimamaji kushoto kulia iwe sawa, mbele nyuma iwe na ule mteremko tuliopanga.

Alafu likaja jambo ambalo watu wanalikimbia, kusubiri. Tulifunika kwa magunia mabichi siku 7, tunamwagilia asubuhi na jioni, tukaweka ubao wa kuvukia pembeni ili mlango utumike bila kukanyaga. Simenti haikauki kama nguo, inashika kwa maji, ukiyaondoa mapema inabaki dhaifu hata kama imekuwa ngumu kwa nje. Nguvu yake inaendelea kupanda hadi karibu siku 28, kwa hiyo mizigo mizito kama mtungi wa gesi ilipitia mlango wa mbele kwa muda huo. Reli ya kushikia tuliiweka baada ya hapo, kimo cha sm 90 kutoka ncha ya kidato, upande ambao bibi anautumia mkono wake wenye nguvu. Yeye ndo aliulizwa upande gani.

Kulikuwa na chanzo kingine cha maji ambacho kujenga upya peke yake kusingekimaliza: paa lilikuwa linamwaga maji yake yote pembeni mwa ngazi, kwenye ule udongo wa kurudishia. Tukaweka mfereji wa bati na bomba linalopeleka maji mbali na msingi. Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja tu mwaka huu na ngazi bado hazijachakaa sana, anza na huo mfereji.

Magadi meupe yalitokea kidogo kwenye matofali mapya wiki za mwanzo, dada akapata wasiwasi. Ni chumvi zinazotoka na unyevu unaokauka, unazipiga brashi kavu, usioshe kwa maji kwa sababu zinayeyuka na kurudi ndani. Zilizokuwa kwenye ngazi za zamani zilikuwa haziishi kwa sababu maji yalikuwa hayaishi kupanda kutoka chini.

Nilichora alama ya penseli ukutani usawa wa kibaraza, pande zote mbili, na msimu wa mvua mmoja mzima umepita mistari iko sawa na kibaraza. Ile nafasi ya sm 1 tuliiziba juu kwa silikoni ya nje inayonyumbuka, na kona moja imeanza kubanduka, hilo ni la kawaida, silikoni inachakaa na jua, itakwanguliwa na kuwekwa nyingine kabla mvua hazijaanza.